Toroli Kumi na Tatu za Mchanga

Sehemu ya nne

Wasomaji wangu, barua zenu zimenifikia. Mhariri alinipa bahasha nzima, akasema, "Chukua dada, watu wamekasirika."

Wamekasirika kweli. Mmemtukana fundi mpaka nikaona haya. Mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba afungwe. Mwingine, mama wa watoto watano, ameniombea baraka na kuniita malaika.

Barua ya malaika niliikunja mara nne, nikaikunja tena, mpaka karatasi ikakataa.

Kwa aliyeanza kusoma leo: baba yangu alikuwa fundi mwashi, sasa ni marehemu. Miezi michache baada ya kumzika, mama alipata kiharusi. Akatembea kwa mkongojo miaka mitatu. Kiharusi cha pili kikamketisha kwenye kiti cha magurudumu. Tunaishi kwa kaka yangu, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na mimi ndiye ninayemlisha mama, ninayemwogesha na kumgeuza.

Kaka akataka njia ya vitofali kutoka mlangoni hadi getini, ili mama awe anatoka kuota jua na kuona watu. Mimi nikapima mchanga wa kulazia. Fundi akalaza. Mvua mbili zikanyesha. Jumanne asubuhi nilikuwa namsukuma mama, vitofali vikacheza, gurudumu likazama, mama akaenda kifudifudi.

Tangu siku hiyo hana sauti.

Sehemu iliyopita niliishia pale kaka aliponyanyua vitofali na kukuta mchanga wa vidole viwili mahali palipotakiwa vinne. Nikawaacha mkiamini alichoamini kaka, kwamba fundi alikuwa ameiba.

Uongo sikuuandika. Nilinyamaza tu pale nilipotakiwa kusema. Leo nasema.

Turudi siku ya kupima.

Baba alikuwa na tepu, lakini aliiacha mfukoni. Chombo chake kilikuwa ufito. Mti mnyoofu, mwepesi, unaomfika mtu kifuani, wenye alama mbili alizochonga kwa kisu karibu na ncha ya chini. Alama ya kwanza ilikuwa vidole vinne kutoka chini: hicho ndicho kina cha mchanga wa kulazia vitofali kwenye udongo laini. Ya pili, ya juu yake, ilikuwa kina cha kuchimba.

Alinifundisha nikiwa na miaka tisa, siku za likizo.

"Laza ufito, chora mraba. Ufito kwa ufito. Umeona? Sasa mwaga mchanga humo kwa karai, sawazisha, simamisha ufito katikati. Ukifika alama ya kwanza, acha. Makarai mangapi?"

"Kumi, baba."

"Njia yote ina miraba mingapi?"

"Nane."

"Makarai sita ni toroli moja. Haya, kichwa hicho."

"Kumi na tatu na... na kidogo."

"Kidogo ijaze iwe nzima. Hiyo ni ya upepo na ya miguu ya watu."

Ndiyo elimu yangu. Shule niliishia la saba, lakini hesabu ya mchanga hainishindi mpaka leo. Mtu anayenunua mchanga kwa kubahatisha, baba alikuwa akisema, ama atakuwa na kichuguu cha paka uani mwaka mzima, ama atarudi kwa muuzaji mara tatu huku fundi amekaa anapiga miayo.

Tangu baba afariki sikuwa nimepima tena. Kaka aliposema, "Dada, hebu tukisie mchanga wa njia ya mama," nilisikia kama nimeitwa jina langu baada ya muda mrefu.

Ufito ulikuwa nyuma ya mlango. Nikaupangusa vumbi.

Nikachora mraba pale karibu na geti, ambapo zamani palikuwa na tuta la mboga la mama. Nikachota mchanga wa zamani uliobaki nyuma ya nyumba. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, ananitazama. Wakati huo alikuwa bado anaongea, kwa shida, neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Karai la kwanza. La pili. La tano likafika alama.

Matano tu! Nikafurahi. Nikasema udongo huu ni mzuri, haunywi mchanga.

Nikaanza kutembea na ufito, nikilaza na kunyanyua, nikihesabu miraba mpaka mlangoni. Kumi na mmoja. Kumi na miwili.

"Mwanangu," mama akasema.

"Subiri mama."

Kumi na mitatu.

"Huo... ufito..."

"Mama, subiri kidogo, nitasahau hesabu!"

Akanyamaza.

Miraba kumi na mitano. Makarai matano mara kumi na tano, sabini na matano. Toroli kumi na mbili na nusu. Nusu nikaijaza.

"Kumi na tatu!" nikamwambia kaka. Nilimwambia kwa sauti, ili na wifi yangu asikie jikoni.

Kaka akacheka. "Mnamwona huyu? Wenzake wanakisia chumvi, yeye anakisia mchanga."

"Angesoma angekuwa injinia," wifi akasema.

"Si ndiyo huyu hapa, injinia wa bure."

Sikurudi kumuuliza mama alitaka kusema nini. Nilikuwa nimejaa sifa mpaka kooni.

Siku ya tatu akaja fundi.

Mtaa mzima unamwita Fundi Polepole, kwa sababu tofali moja analigonga mara saba na kulitazama mara nane. Alijifunza kazi kwa baba. Miaka minane alikula kwetu na kulala chumba cha uani, na mpaka leo mama yangu humwita Mama, kama mzazi wake, na mimi huniita binti wa mwalimu, maana baba ndiye mwalimu wake. Baba alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, fundi alikuwa wa pili kuitwa chumbani, baada ya kaka. Alitoka humo macho mekundu, na hakuwahi kusema aliambiwa nini.

Akatazama lundo la mchanga. Akalizunguka.

"Binti wa mwalimu, mchanga ndio huu wote?"

"Ndio huo."

"Toroli ngapi?"

"Kumi na tatu."

Akavua kofia, akajikuna. "Mimi kwa macho tu ningesema ishirini na tano. Pale getini udongo ni teketeke."

"Macho ni macho," nikamjibu. "Mimi nimepima. Kwa ufito wa baba. Au umeshaanza kumtilia shaka na yeye?"

Hilo la mwisho halikuwa na haja. Nililisema kwa sababu kaka alikuwa anasikiliza.

Fundi akacheka kidogo, akanyoosha mkono. "Hebu nipe huo ufito."

Nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto.

"Aliyenifundisha hakuwahi kukosea," akasema. "Nitalaza kwa alama."

Akalaza kwa alama. Kila hatua anachomeka ufito, anatazama alama ya kwanza, anasogea. Siku mbili nzima. Mchanga ulitosha mpaka karai la mwisho. Kaka akasema hajawahi kuona hesabu kali namna hiyo.

Sasa njooni tena Jumanne ile.

Mama ameshabebwa ndani. Daktari ameshakuja na kuondoka. Kaka amepiga magoti karibu na geti, ananyanyua vitofali kimoja kimoja na kuvirusha pembeni. Fundi ameitwa, amesimama na mwiko mkononi, maana alikuwa anamtengenezea jirani wa mlango wa pili kibaraza.

"Weka vidole vyako hapa," kaka akamwambia.

Fundi akachuchumaa, akaweka. Viwili.

"Mwalimu wako alikufundisha vingapi?"

"Vinne."

"Dada yangu alipima vingapi?"

"Vinne."

"Mchanga ulikuja wa vinne. Chini kuna wa viwili. Mwingine uko wapi?"

Majirani waliokuwa wamekusanyika wakageuka kutazama kibaraza cha jirani. Kulikuwa na lundo la mchanga pale, dogo, jeupe, halina hatia yoyote.

"Ule kaununua jirani mwenyewe," fundi akasema. "Muulizeni."

"Tutamuuliza. Na mwenzako akikufunika je?"

"Kaka, nimelaza kwa alama. Vidole vyangu vilikuwa vinaniambia ni mwembamba, lakini alama ilikuwa inafika. Leteni ufito tupime hapa hapa, kuna vitofali havijanyanyuliwa."

"Ufito unaujua. Alama yake ni vidole vinne, mtoto wa chekechea anajua!"

"Uleteni tu."

Kaka akasimama. Magoti yake yalikuwa na udongo. Alilia bila kujifuta, mbele ya watu.

"Nasema mbele yenu wote. Aliyemwangusha mama yangu, awe nani, awe amezaliwa tumbo moja na mimi, hataukanyaga tena uwanja huu. Na mama hatamwona tena. Mmenisikia?"

Tulimsikia.

"Dada, lete ufito."

Nikaingia ndani. Ulikuwa nyuma ya mlango, una matope ya siku za kulaza. Nikaupitisha kwenye ndoo ya maji nikiusugua kwa kiganja, ili nisiutoe mchafu mbele ya watu.

Kiganja kilipofika ncha ya chini, kikasimama.

Ncha ilikuwa mviringo. Laini, imelika, kama kipande cha sabuni kilichobaki siku ya mwisho. Baba alikuwa ameikata bapa kwa msumeno, mimi nikimshikia.

Nikaweka vidole kutoka ncha hadi alama ya kwanza.

Viwili.

Nikavitoa, nikaviweka tena. Viwili.

Ndipo nikasikia, wasomaji wangu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda. *Ko, kwaru. Ko, kwaru.* Mama anakwenda msalani. Mama anarudi. Mama anakwenda mlangoni kutazama kama nimerudi dukani. Miaka mitatu, kwenye sakafu ya saruji, akiegemea ufito wa mumewe kwa sababu alikataa mkongojo wa hospitali. Alisema ule wa hospitali haumjui. Kipira nilichouvika ufito chini kilitoka mwezi wa kwanza, nikasema nitanunua kingine. Sikununua.

Vidole viwili vya baba vilibaki sakafuni, hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa navifagia kila asubuhi pamoja na vumbi.

Mama alijua. Mkono wake ulijua. *Mwanangu. Huo ufito.* Nami nikamwambia asubiri.

"Dada! Unautafuta wapi?" kaka akaita.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Niliona tu mkono wangu unanyanyua godoro la mama na kuusukuma ufito chini yake. Mama alikuwa amelala, macho wazi, ananitazama.

Nikatoka nje.

"Hauonekani," nikasema. "Umepotea."

Fundi aliniangalia. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

"Umepotea," akarudia polepole, kama anavyolitazama tofali.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa hiyo kalamu nyekundu mnajua pa kuielekeza.

Mtauliza kwa nini sikusema palepale. Nilitaka. Lakini mama anakula kwangu tu. Wifi akimlisha anapaliwa. Kaka akimlisha analia, na mama akimwona analia anafunga mdomo. Mimi ndiye ninayejua kwamba kijiko kinatakiwa kuingilia kushoto, na kwamba lazima umsugue shingo kwa kidole ndipo ameze. Kaka amesema aliyemwangusha hatamwona tena. Angemlisha nani?

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kila siku nikajiambia, na kila siku ikanitosha kidogo zaidi kuliko jana.

Mama nilimtengenezea namna ya kuongea. Mkono wake wa kushoto una nguvu. Akikubana mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana.

"Una njaa?" Mara moja.

"Mgongo unauma?" Mara mbili.

Siku moja nikajikaza, nikainama sikioni mwake. "Mama, unajua ulichokilalia?"

Akabana mara moja.

"Niseme?"

Hakubana. Aliushika tu mkono wangu, akaushika mpaka vidole vikafa ganzi.

Nje, maneno yalikuwa yanatembea. Zahanati ilikuwa imemchagua Fundi Polepole kupanga vitofali uwanja wao wote, kazi ya miezi, kazi ambayo angekumbukwa nayo. Wakamwita, wakamwambia wamesikia habari ya mama mlemavu na mchanga. Wakasema asubiri kwanza jambo hilo liishe.

Jirani wa kibaraza naye akaamua kumalizia na fundi mwingine. "Sisemi ni mwizi," alisema dukani, "ila kibaraza changu nataka nikikalie na amani."

Alhamisi akaja mke wa fundi. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, tuliyezoea kumsikia kabla hajafika. Siku hiyo hatukumsikia. Nilimkuta tu amesimama nyuma yangu nilipokuwa naanika shuka za mama.

"Dada."

"Shikamoo shemeji." Ndivyo ninavyomwita.

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo."

Akachukua ncha ya pili ya shuka, tukaikamua pamoja. Maji yakatiririka katikati yetu.

"Mume wangu hali," akasema. "Analala chali anahesabu. Anasema ishirini na tano, kumi na tatu, ishirini na tano, kumi na tatu. Jana kaniuliza, mke wangu, yawezekana niliuchukua halafu nikasahau?"

Nikazidi kukamua.

"Nikamwambia, wewe? Wewe ambaye msumari ukiukuta njiani unauliza ni wa nani? Nikacheka. Yeye hakucheka." Akaitundika shuka, akainyoosha vizuri kuliko mimi. "Wewe ulikuwepo, dada. Unampima mtu mpaka moyoni, nakujua tangu mdogo. Hukuona chochote?"

"Sikuona, shemeji."

"Chochote?"

"Sikuona."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka akiwa bado hana sauti. Na mimi nikabaki nimeishika kamba ya nguo kama ndiyo inayonizuia nisianguke.

Jumamosi asubuhi kaka akaita watu. Jambo liishe, alisema. Wakaja majirani sita saba, wakakaa kwenye viti na ndoo zilizogeuzwa. Akaja mtu wa zahanati, amesimama getini na daftari kwapani. Fundi akaja na shati safi, kofia mkononi, mkewe nyuma yake.

Mimi nilikuwa ndani namlisha mama uji. Dirisha lilikuwa wazi.

"Sina maneno mengi," kaka alisema. "Useme mchanga ulikwenda wapi. Ukisema, utatengeneza njia upya na tutaachana salama. Usiposema, mwenzetu wa zahanati yupo, amesikia."

"Kaka, mimi nina ombi lilelile," fundi akasema. "Ufito."

"Ufito umepotea, umeambiwa."

"Ufito wa mwalimu hauwezi kupotea katika nyumba ya mwalimu."

"Unamwita dada yangu mwongo?"

Fundi akaizungusha kofia mkononi.

"Hapana," fundi akasema. "Simwiti."

Kijiko kilikuwa hewani. Mama akakisukuma kwa mkono wake mzima, uji ukamwagika kifuani. Akaanza kugonga ubao wa kitanda. *Ko. Ko. Ko.*

"Mama, nini?"

Akanyoosha kidole chini ya godoro. Kisha akakielekeza kwenye kiti cha magurudumu. Kisha mlangoni.

"Hapana, mama."

Akagonga tena, kwa nguvu.

Nikauvuta ufito. Akaunyang'anya. Akaigeuza ncha ile iliyolika, akaipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyompapasa mtu uso. Akaniangalia. Akaigusisha ncha kwenye goti la mguu wake uliokufa. Kisha akajigonga nayo kifuani, juu ya uji.

*Mimi.*

"Si wewe, mama! Ni mimi niliyepima. Ni mimi niliyekuambia usubiri."

Akauachia ufito, akabana mkono wangu mara mbili. Hapana. Akajigonga tena kifuani.

Nikaelewa anachotaka. Kaka alikuwa ameapa kwa aliyemwangusha mama. Mama alitaka kwenda kuwaambia kwamba aliyemwangusha mama ni mama. Kaka hawezi kumfukuza mama yake. Fundi atakuwa amepona, na mimi nitakuwa nimepona, na lawama itakaa kwa mtu asiyeweza hata kujitetea kwa sauti.

Nikampangusa uji. Nikamvika kanga safi. Nikamnyanyua, nikamkalisha kwenye kiti, ufito mapajani. Nilipomsukuma kuelekea mlangoni nilikuwa nimeshaamua. Nitasema kabla yake. Neno la kwanza litakuwa langu.

Gurudumu likagusa kitofali cha kwanza. Kikacheza.

Watu wote wakageuka.

"Mama!" Kaka akasimama. "Nani kakwambia umtoe? Na hicho..."

Alikuwa ameuona.

Fundi alikuwa ameuona kabla yake. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akapiga goti. "Shikamoo Mama," akasema. Mama akamkabidhi ufito kwa mkono wake mmoja, ncha iliyolika ikimwelekea yeye.

Yule ni mtu wa kutazama. Hahitaji kuambiwa. Niliyaona macho yake yakishuka kwenye ncha, yakapanda kwenye alama ya kwanza. Akaweka vidole. Viwili. Akaitazama miguu ya mama kwenye kiti. Akatazama sakafu yetu, kupitia mlango, ile saruji yenye mkwaruzo mmoja mrefu kutoka kitandani hadi msalani.

Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nimefumbua mdomo. Pumzi nilikuwa nimeshaivuta. Alichokiona usoni mwangu sikijui, lakini nafikiri aliona kila kitu: godoro, ndoo ya maji, kiapo cha kaka, kijiko kinachoingilia kushoto.

"Haya, si huo hapo!" kaka akasema. "Ulikuwa unaulilia. Pima basi!"

Fundi akasimama. Aliishika ncha ya chini ndani ya ngumi yake, ngumi yote imeifunika, hata mimi niliyejua nisingeweza kuiona.

"Hakuna haja," akasema.

"Hakuna haja vipi?"

"Ufito uko sawa. Hesabu ya binti wa mwalimu ilikuwa sawa." Akavaa kofia. "Mchanga niliuchukua mimi."

Mtu wa zahanati akafungua daftari.

"Umesema nini?" Ilikuwa sauti ya mkewe, ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Baba watoto, umesema nini?"

Hakumgeukia. Alikuwa ananiangalia mimi, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage saruji mbichi.

"Mmesikia wenyewe," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa na nafuu kubwa, nafuu ya kutisha. "Toka. Toka uwanjani kwangu."

Mkono wa mama ukautafuta mkono wangu kwenye mpini wa kiti. Ukaupata.

Akabana mara mbili. Akabana tena mara mbili. Na tena.

Hapana. Hapana. Hapana.

Sikujua anamkatalia nani, fundi au mimi. Fundi alikuwa ameshafika getini na ufito wa baba mkononi, mkewe amebaki katikati ya njia amesimama juu ya vitofali vinavyocheza, na mimi mdomo wangu ulikuwa bado wazi.